Unguja hadi Guangzhou: jinsi ya kupima masafa na saa za safari ya ndege mwenyewe

Muulize mtu umbali wa kutoka Zanzibar hadi Guangzhou na utapata majibu manne. Mmoja atakwambia kilomita 8,677, mwingine maili 5,390, wa tatu maili 4,680. Wakala wa tiketi hana habari na kilomita, yeye atakujibu "saa 16". Wote wanne wanaweza kuwa sahihi. Watatu wa mwanzo wanapima mstari uleule kwa vipimo tofauti, na wa nne anahesabu muda tangu ndege ya kwanza inapoondoka hadi ya mwisho inapofika, pamoja na kusubiri katikati. Mfanyabiashara wa Darajani anayekwenda kufunga mzigo anahitaji kujua jibu lipi linamhusu, na namna ya kulihakiki kabla ya kulipa.

Tumechukua Guangzhou kuwa mfano kwa sababu ni mbali na wengi wanakwenda. Ukiielewa hesabu yake, utaweza kuifanya ya Jeddah, Maskati, London au kwengineko.

Kwanza: hakikisha kiwanja ni hicho

Kila kiwanja kina alama ya herufi tatu, na hiyo ndiyo ya kuiamini kuliko jina. Kiwanja cha Abeid Amani Karume, Unguja, ni ZNZ. Cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni DAR. Cha Guangzhou kinaitwa Baiyun na alama yake ni CAN.

Wapemba wawe macho zaidi. Pemba yetu ni PMA. Ipo Pemba nyengine, mji wa Msumbiji katika mkoa wa Cabo Delgado, na alama yake ni POL. Mitandao ya kuuza tiketi huzileta zote mbili ukiandika "Pemba", na pengine ya Msumbiji hutangulia. Baina ya Pemba hizo mbili pana kilomita 860 hivi, kwa hiyo ukiona safari ya "Pemba–Zanzibar" inapitia Maputo au Johannesburg, umechagua kisicho chako. Mkanganyiko mwengine ni wa miji yenye viwanja viwili: Istanbul ina IST na SAW, London ina LHR, LGW na vyengine. Ukishuka kimoja na kuondokea kingine, safari ya barabarani baina yao inaweza kukuchukua saa nzima au zaidi, na hakuna tovuti ya masafa itakayokuhesabia hiyo.

Pili: tafuta latitudo na longitudo

Fungua ramani ya Google, bonyeza kwa muda mrefu juu ya njia ya kurukia ndege, na namba mbili zitatokea. Ya kwanza ni latitudo (kaskazini au kusini ya ikweta), ya pili ni longitudo (mashariki au magharibi). Kwa safari yetu:

ZNZ: −6.22, 39.22
CAN: 23.39, 113.30

Hapa ndipo makosa mengi yanapozaliwa, na ni mawili. La kwanza ni alama ya kutoa. Zanzibar iko kusini mwa ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni hasi. Ukiisahau alama hiyo, hesabu ya Guangzhou itakupa kilomita 8,111 badala ya 8,677. Jibu hilo linaonekana la maana kabisa, na hivyo halimshtui mtu, lakini limepunja kilomita 566.

La pili ni kuchanganya dakika na desimali. Vitabu na ramani za zamani huandika Unguja kuwa nyuzi (digrii) 6 na dakika 13 kusini. Hiyo si 6.13. Dakika za latitudo ni 60 katika uzi mmoja, kama za saa, basi gawanya 13 kwa 60 upate 0.22, na jumla iwe 6.22.

Tatu: kokotoa mstari ulionyooka

Dunia ni mviringo, kwa hiyo njia fupi baina ya pahala pawili ni upinde juu ya tufe. Ukiwa na tufe la skuli na uzi unaweza kuiona: shika ncha moja Unguja, nyengine Guangzhou, kisha vuta uzi ukaze. Lakini kwa namba, kompyuta yenye Excel au simu yenye Google Sheets inatosha. Nakili mstari huu kwenye kisanduku kimoja:

=6371*ACOS(SIN(RADIANS(-6.22))*SIN(RADIANS(23.39))+COS(RADIANS(-6.22))*COS(RADIANS(23.39))*COS(RADIANS(113.30-39.22)))

Namba 6371 ni wastani wa nusu-kipenyo cha dunia kwa kilomita. Jibu ni 8,677, na likipishana kwa kilomita moja au mbili kwa sababu ya desimali si neno.

Anayetaka kutumia kalkuleta ya simu ailaze simu ubavu ili vitufe vya sin na cos vitokee, kisha ahakikishe imeandikwa Deg na si Rad. Zidisha sin ya −6.22 kwa sin ya 23.39, utapata −0.0430. Zidisha cos ya −6.22 kwa cos ya 23.39, kisha kwa cos ya 74.08 (ambayo ni tofauti ya longitudo, 113.30 kutoa 39.22), utapata 0.2503. Jumlisha mbili hizo: 0.2073. Tafuta pembe yake kwa kitufe cha cos⁻¹: nyuzi 78.04. Kila uzi mmoja juu ya duara kubwa la dunia ni kilomita 111.19, kwa hiyo zidisha na umemaliza. Kalkuleta ikiwa kwenye Rad tangu mwanzo, jibu litakuwa takataka tupu. Afadhali hilo, maana litaonekana.

Kama unataka maili, uliza kwanza maili zipi. Maili ya barabarani ni kilomita 1.609, na ya baharini, ambayo ndiyo marubani na manahodha wanayoitumia, ni 1.852. Ndiyo sababu ya 5,390 na 4,680. Uzuri wa maili ya baharini ni kwamba uzi mmoja una maili 60, hivyo 78.04 mara 60 inakupa jibu bila ya kuhangaika.

Hesabu hii inachukulia dunia kuwa mviringo kamili, na sivyo: imebonyea kidogo kwenye ncha, nusu-kipenyo chake ni kilomita 6,378 kwenye ikweta na 6,357 kwenye ncha. Kosa kwa wingi wake ni kama nusu ya asilimia. Kwa Unguja hadi Addis Ababa, fomula inatoa kilomita 1,690 na kipimo halisi ni pungufu kwa kilomita 9 hivi. Ukiona tovuti mbili zinapishana kiasi hicho, usijisumbue. Zikipishana kwa mia, mojawapo imechukua kiwanja kingine.

Nne: toka kwenye mstari, ingia kwenye njia ya ndege

Mstari wetu wa kilomita 8,677 unatoka Unguja kuelekea kaskazini mashariki, unabaki baharini ng'ambo ya pwani ya Somalia, unaingia India karibu na Kozhikode na kutoka karibu na Chennai, unavuka Ghuba ya Bengal, kisha unapita Myanmar na kaskazini ya Hanoi. Ni safari nzuri kwenye karatasi. Ndege ya abiria haiifuati hivyo. Kuna njia za angani zilizopangwa, kuna kuzunguka wakati wa kupaa na kutua, kuna mawingu mazito ya masika, na kuna anga zilizofungwa. Anga ya Sudan, kwa mfano, ilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, na ndege nyingi baina ya Afrika Mashariki na Ulaya zikalazimika kuzunguka.

Kwa safari ya kawaida ongeza asilimia 4 juu ya mstari ulionyooka. Pakiwa na anga inayokwepwa njiani, ongeza 10 au zaidi.

Halafu kuna vituo. Kutoka Unguja kwenda Guangzhou utaunganisha ndege pahala, na kila kituo kina masafa yake. Tumia fomula ileile mara mbili, kisha jumlisha:

Kupitia Addis Ababa (8.98, 38.80): 1,690 + 8,038 = kilomita 9,728.
Kupitia Doha (25.27, 51.61): 3,749 + 6,197 = kilomita 9,946.

Addis inaongeza kilomita 1,051 juu ya mstari ulionyooka, Doha inaongeza 1,269. Tofauti baina ya hizo mbili ni 218, sawa na dakika 15 za ndege kubwa. Kwa maneno mengine, usichague kituo kwa kuangalia ramani. Utakachochagulia kinafuata.

Tano: geuza kilomita kuwa saa

Kila aina ya ndege ina mwendo wake ikishatulia juu. Boeing 787 na Airbus A350 huenda kama kilomita 900 kwa saa. Boeing 737 na Airbus A220 ni kama 830. ATR 72 yenye mapangaboi ni 500. Cessna Caravan, ile ya injini moja inayokwenda Pemba, chukua 300.

Gawanya masafa (yaliyokwisha kuongezwa asilimia 4) kwa mwendo, kisha ongeza nusu saa kwa ajili ya kutembea chini, kupaa taratibu na kushuka. Kwa Caravan dakika 10 zinatosha. Tufanye ya Addis:

Unguja–Addis kwa 737: 1,690 × 1.04 = 1,758. Gawa kwa 830, ni saa 2 na dakika 7. Pamoja na nusu saa: 2:37.
Addis–Guangzhou kwa 787 au A350: 8,038 × 1.04 = 8,360. Gawa kwa 900, ni saa 9 na dakika 17. Pamoja na nusu saa: 9:47.

Ukigawanya kwa kalkuleta, 8,360 kwa 900 inakupa 9.29. Hiyo si saa 9 na dakika 29. Zidisha 0.29 kwa 60 upate dakika 17. Ni kosa dogo lakini wanalirudia hata watu wa ofisini.

Muda unaouona kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoachia geti hadi inaposimama kwenye geti jengine, na mashirika huongeza dakika kadhaa za akiba ili yasionekane yamechelewa. Ndiyo maana wakati mwengine rubani anatangaza "tutakuwa angani saa 9 na dakika 10" na tiketi inasema karibu 10. Kuujua muda wa kweli, fungua Flightradar24, tovuti ya kufuatilia ndege, andika namba ya ndege, na uangalie safari zake za wiki iliyopita: saa iliyopaa na saa iliyotua. Siku saba zinatosha kukuonesha kama ndege hiyo ina tabia ya kuchelewa kuondoka, na hilo lina thamani kuliko hesabu yoyote hapa iwapo una dakika 70 tu za kuunganisha.

Upepo: kwenda si sawa na kurudi

Sisi tumezoea kaskazi na kusi, na ni rahisi kudhani kaskazi itairudisha nyuma ndege inayokwenda Asia kama inavyofanya kwa jahazi. Pepo hizo ni za chini. Ndege inakwenda juu kilomita 10 hadi 12, na huko mambo ni mengine. Miezi ya baridi ya kaskazini, takriban Novemba hadi Machi, mkondo mkali wa upepo hupita juu ya kaskazini ya India na kusini ya China ukitoka magharibi kwenda mashariki, na unaweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Kwa hiyo msimu uleule ambao kaskazi inavuma usoni mwa jahazi, ndege ya Guangzhou inasukumwa mgongoni.

Haipati nguvu yote njia nzima. Tuchukue wastani wa kilomita 50 tu kwa saa. Kwenda: 8,360 kwa 950, na nusu saa, ni 9:18. Kurudi: 8,360 kwa 850, na nusu saa, ni 10:20. Saa nzima na dakika 2 za tofauti kwa njia ileile. Msimu wa kiangazi cha kaskazini mkondo huo unahamia kaskazini zaidi, ukapita kaskazini ya Tibet, na tofauti inapungua.

Safari za kaskazini–kusini hazisumbuliwi hivyo, kwa kuwa upepo unazipiga ubavuni. Unguja hadi Maskati, kilomita 3,908, kwa 737 inatoka karibu saa 5 na dakika 24, kwenda na kurudi hakupishani sana.

Saa za tiketi: hapa ndipo watu wanapoachwa na ndege

Tiketi inatumia saa 24 zinazoanza usiku wa manane, na kila saa iliyoandikwa ni ya mji husika. Sisi tunahesabu tangu alfajiri. Tofauti ni saa 6. Ukiona 02:00 usisome "saa mbili". Ni saa 8 usiku. 14:20 ni saa 8 na dakika 20 mchana. Toa 6 au ongeza 6, halafu liandike kwa Kiswahili pembeni ya tiketi, na mwenye kukupeleka kiwanjani mwambie kwa Kiswahili.

Tarehe ni mtego mkubwa zaidi. Kwetu usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alkhamisi baada ya magharibi. Tiketi inabadilisha siku saa 6 usiku. Ndege ya "Ijumaa 00:30" inaondoka saa 6 na nusu ya usiku huo wa Alkhamisi kuamkia Ijumaa, na unatakiwa uwe kiwanjani Alkhamisi baada ya isha, si Ijumaa jioni. Ukifika Ijumaa jioni, ndege yako imekwishatua ilikokwenda.

Sasa tuzipange. Zanzibar, Addis Ababa, Doha na Istanbul zote zina saa sawa. Maskati na Dubai ziko mbele kwa saa 1. Guangzhou iko mbele kwa saa 5. London iko nyuma kwa saa 3 wakati wa baridi na 2 wakati wa joto.

Chukua tiketi ya mfano. Inaondoka Unguja 17:00 (saa 11 jioni), inafika Addis 19:40, inaondoka Addis 23:30, inafika Guangzhou 14:20 siku ya pili. Rudisha saa ya kufika kwenye saa za nyumbani: 14:20 kutoa 5 ni 09:20. Kutoka 23:30 hadi 09:20 ni saa 9 na dakika 50, karibu sawa na hesabu yetu ya 9:47. Tiketi imekaa sawa. Jumla, 17:00 hadi 09:20, ni saa 16 na dakika 20.

Kurudi kunadanganya zaidi. Ndege inaondoka Guangzhou 00:30 na inafika Addis 05:50, na kwa macho ni saa 5 na dakika 20. Ongeza saa 5 ulizorudishiwa na utapata 10:20, ile tuliyoikokotoa kwa upepo wa mbele.

Zile saa 16 zinatoka wapi? Lau ingekuwepo ndege ya moja kwa moja kutoka Unguja, hesabu yetu inatoa 10:32. Kilomita 1,051 za ziada zinakula kama saa 1 na robo. Kushuka na kupaa mara ya pili, nusu saa. Zilizobaki, karibu saa 4, ni za kukaa kwenye viti vya Addis. Basi unapolinganisha tiketi, angalia kwanza muda wa kusubiri. Saa 2 hadi 4 ni nzuri. Chini ya saa 1 na nusu usijaribu kama una mzigo. Zaidi ya 8, uliza kama kuna hoteli.

Njia ya Dar, na msafiri wa Pemba

Air Tanzania imekuwa ikiruka moja kwa moja baina ya Dar na Guangzhou kwa Boeing 787. Masafa ni kilomita 8,711, na hesabu inatoa 10:34. Kutoka Unguja ongeza boti ya kasi, karibu saa 2, na nusu saa ya kusubiri bandarini. Barabara ya kutoka bandarini hadi kiwanjani, ambayo ni fupi lakini kwa foleni za Dar iwekee saa 1 na nusu. Na saa 3 za kuwahi kiwanjani. Jumla ni saa 17 na nusu. Njia ya Addis, ukihesabu vilevile saa 3 za kuwahi kiwanja cha Unguja, ni 19:20. Unaokoa chini ya saa 2. Mwenye mzigo mkubwa, na bahari ikiwa imechafuka kwa kusi, anaweza kuona saa hizo hazistahiki, lakini kwa anayechukia kubadilisha ndege usiku wa manane hiyo ndiyo njia.

Kwa msafiri wa Pemba, hatua ya Chake Chake hadi Unguja ni kilomita 125, yaani dakika 36 hivi kwa Caravan. Ni fupi kuliko zote na ndiyo inayovuruga zaidi. Tiketi yake kwa kawaida inakatwa mbali na ile ya kimataifa, kwa hiyo ndege ndogo ikichelewa, shirika kubwa halikusubiri wala halikurudishii. Kwa ndege ya saa 11 jioni uwe Unguja kabla ya saa 6 mchana, au uvuke kwa boti kutoka Mkoani siku moja kabla. Pima na begi: ndege ndogo huruhusu kilo 15 kwa kawaida, hata kama tiketi yako ya Guangzhou inakupa 46. Kwenda hilo halina tabu, begi ni tupu. Kurudi, panga mzigo ushukie Unguja na uende Pemba kwa boti, wewe utangulie kwa ndege.